Mwacheni mpishi apike

Hapa Ngamiani, mjini Tanga, runinga ya mchana huwaka kwa fundi cherehani, saluni, kwenye banda la mama lishe, na majumbani kwa wanawake walioamka alfajiri. Wanaitazama huku mikono ina kazi. Watayarishaji wengi wa vipindi vya mchana vya wanawake wanawachukulia watu hao kama wasio na la kufanya, na ndilo linaloniudhi. Upishi, ndoa, malezi, uzazi: katika yote yanayozungumzwa pale, wenye elimu ni wao.

Naanza na jikoni, maana ndiko kunakoniuma zaidi. Meza imepangwa vibakuli vya kioo, kitunguu kimeshakatwa, tui limeshachujwa. Mpishi akishika mwiko tu, mtangazaji anamuuliza habari za mumewe. Anajibu huku mafuta yanaungua, wote wanacheka, linaingia tangazo. Tukirudi, chakula kimeiva, kimepambwa kotimiri, na mtangazaji anafumba macho kwa utamu.

Sasa chukua samaki wa kupaka, chakula ambacho kila mtu wa Tanga ana maneno nacho. Samaki anabanikwa kwanza kwenye mkaa. Pembeni tui zito, lenye ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, linapikwa huku likikorogwa, kwa sababu likiachwa lichemke peke yake hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Ndipo samaki anapakwa, anarudi motoni, anageuzwa, anapakwa tena. Utaalamu wote uko hapo, kwenye ule muda waliotukatia wakaweka tangazo la sabuni. Msichana anayejifunza kupika atajuaje tui linavyoonekana dakika moja kabla halijakatika? Kuona samaki aliyekwisha kuiva hakumfundishi kitu, hata kwa bibi yake anamwona.

Mwaka 1963, mjini Boston, Marekani, mpishi Julia Child alianza kipindi chake cha runinga, The French Chef. Kilikuwa kinarekodiwa mfululizo, karibu bila kukatwa. Siku moja alirusha chapati ya viazi ili aigeuze, nusu ikaangukia nje ya kikaango. Akaiokota, akairudisha, akaendelea kupika mbele ya kamera. Kipindi kilidumu miaka kumi. Watu walimwamini kwa sababu walimwona akifanya kazi yenyewe, pamoja na kuharibikiwa kwake. Kwetu chakula hakiharibiki kamwe kwenye runinga, na mimi chakula kisichoweza kuharibika sikiamini.

Kwenye mazungumzo ugonjwa ni huohuo. Analetwa daktari au mshauri wa ndoa, mtu aliyesoma miaka na miaka, anapewa muda mfupi kuliko wa kumtambulisha. Akikaribia penyewe, anakatwa. Halafu zinasomwa jumbe za watazamaji, na zinazochaguliwa ni za salamu! Nina hakika yapo maswali mazito yanayoachwa humo. Mwaka 2018 nchi ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, akina mama mitaani walikuwa na hofu: je, mwanangu atazaa? Saa nzima ya mchana, daktari mmoja na simu iliyo wazi, ingefanya kazi kubwa kuliko mabango.

Si jambo geni. Mtangazaji wa runinga Phil Donahue alipoanza kipindi chake cha mazungumzo Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1967, alichukua kipaza sauti akaenda nacho kwa watu waliokaa ukumbini, wakamuuliza mgeni wenyewe. Wengi wao walikuwa akina mama wa nyumbani, na maswali yao yalikipa kipindi nguvu. Sisi watu wa pwani tunajua kuuliza. Mpe kipaza sauti mama wa Makorora, hapa hapa Tanga, aliyelea watoto na wajukuu, uone mgeni atakavyojifuta jasho.

Nakiri wapo watangazaji wazuri. Namkumbuka mmoja aliyemkaribisha kungwi, akamuamkia shikamoo, akanyamaza. Bibi yule alizungumza taratibu, kwa staha, hadi akamaliza alilokuja nalo. Mtaani kwetu lilizungumzwa wiki nzima.

La mwisho ni saa. Kipande cha mapishi kinarushwa karibu na saa sita, wali wangu umeshapaliwa mkaa. Nani atatoka tena kwenda soko la samaki la Deep Sea kutafuta samaki changu? Kirusheni saa mbili asubuhi, mtaje bei ya nazi na ya samaki kama zilivyo sokoni siku hiyo, na mpikie jiko la mkaa, maana ndilo wengi wetu tunalolipulizia.