Udongo wa visiwa vidogo usisahaulike

Nimesoma makala inayoeleza vizuri jinsi kuta za bahari zinavyolinda fukwe za visiwa vidogo, lakini udongo imeugusa kwa sentensi moja tu, nami naona hapo ndipo penye uzito. Katika visiwa vya matumbawe kama vile vya Kiribati na Tuvalu, nchi za Bahari ya Pasifiki, udongo ni mchanga wa chokaa wenye tabaka jembamba la mboji, na chini yake maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa hiyo mbolea ya viwandani ikimwagwa bila kipimo hupenya upesi hadi visimani. Wakulima wa Kiribati wana ufundi wao wa tangu jadi: huchimba mashimo hadi kuyafikia maji hayo, hupanda humo magimbi makubwa ya kinamasi, kisha huzungushia kila shina majani yanayooza taratibu na kuilisha mizizi. Ufundi huo unastahili fedha za umma, si sifa za maneno peke yake.

Visiwa vya milima, kama Komoro, vina shida nyingine, kwani miteremko ikivuliwa miti, mvua kubwa huchukua udongo na kuumwaga juu ya matumbawe, na hasara ya mkulima ikawa pia ya mvuvi. Inauma zaidi kukumbuka Nauru, kisiwa kingine cha Pasifiki, ambacho fosfati yake ilichimbwa ili kurutubisha mashamba ya nchi nyingine, huku sehemu kubwa ya kisiwa ikiachwa nguzo tupu za mawe. Naomba wanaopanga ujenzi wa kuta za bahari watenge pia fungu la matuta, miti na mboji.