Daftari za Valindaba na masanduku ya Basson

Afrika Kusini ndiyo nchi pekee iliyounda mabomu yake ya nyuklia kisha ikayavunja yenyewe. Sifa hiyo ni ya haki. Ila wengi wanaoisifu hawaulizi dunia ilijuaje kwamba hakuna bomu lililofichwa, na kwangu hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote.

Mabomu 6 yalikuwa tayari na la 7 halijakamilika Rais F.W. de Klerk alipoamuru yavunjwe mwaka 1990. Urani ilitolewa, ikayeyushwa na kurudishwa Pelindaba, kituo cha utafiti wa nyuklia cha nchi. Michoro na nyaraka za usanifu ziliharibiwa. Nchi ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia Julai 1991, lakini de Klerk hakukiri kuwapo kwa mabomu hayo hadi Machi 24, 1993.

Wakaguzi wa IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, basi walilazimika kuhesabu kinyumenyume. Walichukua kumbukumbu za uendeshaji za kiwanda cha Valindaba cha kurutubisha urani, yaani kuongeza ndani yake sehemu ya urani-235, aina inayofaa kwa bomu: kiasi kilichoingia, kilichotoka kikiwa kimerutubishwa, na kilichobaki kwenye masalia. Ugumu ulikuwa kwenye masalia. Ni shehena kubwa yenye urani-235 kidogo sana, hivyo kosa dogo la kipimo, likizidishwa kwa shehena yote, laweza kufanana na urani iliyoibwa. Hesabu zilipitiwa upya hadi zikakubaliana. Kule Vastrap, jangwani Kalahari, mashimo mawili ya majaribio yalizibwa mbele ya macho yao mwaka 1993.

Kuvunja kwanza na kukiri baadaye lilikuwa kosa, nasema bila kusita. Karatasi za kiwanda ndizo zilizoiokoa nchi.

Upande wa kemikali na kibiolojia haukuwa na bahati hiyo. Mradi wa Coast, mpango wa siri wa silaha hizo ulioanza 1981 chini ya daktari Wouter Basson, ulijificha nyuma ya kampuni kama Delta G na Roodeplaat Research Laboratories. Vimelea vya magonjwa haviachi hesabu ya kilo kama urani: chupa moja hukuzwa ikawa nyingi, na ikichemshwa haibakizi kitu cha kupimwa. Basson alipokamatwa Januari 1997, masanduku ya nyaraka za mradi yalipatikana yakiwa nje ya mikono ya serikali. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, ilisikiliza ushahidi 1998. Mahakama ikamwachia huru 2002.

Afrika Kusini ilikuwa imeridhia Mkataba wa Silaha za Kibiolojia, unaozipiga marufuku, tangu 1975, kabla Coast haijazaliwa. Mkataba huo hadi leo hauna wakaguzi wake.