Namba A, Imetulia, Mazungumzo Yapo

Simu inaita alfajiri, nipo kwenye foleni ya choo. Ndoo mkononi, taulo begani, na mbele yangu yupo mpangaji wa chumba cha uani ambaye akiingia mle ndani husoma gazeti zima pamoja na matangazo ya vifo. Napokea. "Bosi, za asubuhi? Sasa ile ya soda vipi?"

Soda! Dalali anadai hela ya soda. Kwa gari ambalo sikulinunua, na ambalo lenyewe halikuwaka kwa betri yake.

Tuelewane hapa. Mimi ni mtu na heshima zangu. Nina kiti changu kazini, shati langu lina kola iliyogeuzwa vizuri na fundi cherehani mpaka huwezi kujua, na sina deni dukani linalozidi mwezi mmoja. Nilichotaka ni kigari kimoja tu cha spoti, cha zamani, cha bei ya mtu wa chini, cha kwendea kazini na kurudi. Sikutaka kushindana na mtu.

Kila niliyemwomba ushauri alinijibu neno moja. Shemeji: IST, ile Toyota ndogo. Mhasibu wa ofisini: IST. Kinyozi wangu, ambaye mwenyewe ana baiskeli: IST. Mchungaji alianza na sala, akamalizia na IST. Mimi sina ugomvi na IST jamani. Mafuta inanusa tu, spea zake unazipata mpaka duka la dawa. Lakini jiji zima limejaa hizo, ukitoka dukani unahangaika kufungua mlango wa gari la watu huku mwenyewe anakutazama. Na mimi nimesimama kwenye daladala za Mbagala tangu nauli ikiwa sarafu, shingo nimeikunja, kwapa la mtu nisiyemjua liko puani. Nadhani nimefikia umri wa kujichagulia aibu yangu mwenyewe.

Nikachagua Toyota Celica. Ile ya taa za kujificha, ya 1991 hivi.

Wala sikukurupuka. Sisi tulikua redio ikitangaza Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya. Celica ilichukua Kenya 1984, 1985 na 1986. Ikarudi 1990, ikachukua. 1992, Carlos Sainz, ikachukua. 1993 ndipo walipokomesha kabisa: Juha Kankkunen wa kwanza, na waliomfuata mpaka nafasi ya nne wote wamo ndani ya Celica. Tuliichora kwenye madaftari ya hisabati mpaka mwalimu akadhani ni mada mpya. Sasa kazini kwetu kuna mjuaji mmoja, kila ofisi wanaye, akanikatisha: "Zile za Sainz na Kankkunen zilikuwa GT-Four, turbo, zinavuta tairi zote nne. Hiyo ya kwako inavuta mbele tu." Najua! Umbo ni lile lile, taa ni zile zile, na mimi siendi kushindana Kenya, nakwenda Posta kugonga mihuri. Tena injini ni 3S, lita mbili, ndugu wa damu wa ile iliyomo kwenye Corona, Carina na RAV4 za kwanza. Fundi yeyote aliyewahi kuchafuka mikono na Corona hawezi kuikodolea macho. Hesabu nilishapiga.

Kuagiza Japani niliachana nako mapema. Gari likishapita miaka kumi linadaiwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na hili limechakaa tangu enzi za kaseti. Nikaingia sokoni humu humu. Mmoja alinitumia picha, gari linang'aa, nyuma yake theluji. Nikauliza lipo wapi, akasema Mwananyamala. Mwingine gari lipo Dar ila injini ipo kwa mjomba wake Morogoro. Wa tatu alikuwa anauza taa tu.

Basi akaja huyu wa soda.

Tangazo lake ninalo mpaka leo: "Celica namba A, imetulia, injini haijaguswa, gari ya mama mtu mzima anaendea kanisani tu, AC kali, 6.5M, mazungumzo yapo." Namba A ni zile za usajili wa zamani, hilo halikunitisha. Nikajiuliza ni mama mtu mzima yupi anayekwenda kanisani na gari ambalo ukikaa, makalio na lami vinasalimiana. Nikasema labda ni mama wa kwaya, wale wana mazoezi.

Tukakutana stendi ya Kinyerezi. Mimi nimekuja na fundi wangu, nimemlipia nauli, supu na chapati mbili, maana fundi hakagui gari na njaa. Dalali kavaa koti la suti na kandambili. "Ni hapa tu bosi." Hapa tu ya dalali mnaijua. Tukavuka karavati, tukapita kisima, tukapita msiba, tukasimama kidogo kutoa pole kwa watu tusiowajua, tukashuka bonde, tukapanda. Fundi akaanza kuulizia chakula cha mchana.

Gari lilikuwa chini ya mwembe, limefunikwa turubai la kampeni lenye picha ya mgombea aliyeshindwa. Dalali akalivuta. Jamani, nisiseme uongo, mapigo ya moyo yalibadilika. Nyekundu, imepauka, lakini ni yenyewe. Pua ndefu, mgongo umeinama. Nikazunguka nyuma nimefunga mikono kama mkuu wa wilaya anayekagua zahanati. Nikachungulia kioo cha nyuma.

Kuku akanitazama.

Yupo kwenye kiti cha nyuma, ametandikiwa khanga iliyofifia, amejitanua, manyoya yamesimama, na jicho lake linasema wewe ndiye nani.

"Shikamoo mama," nikamwamkia mwenye gari aliyetoka ndani na mwiko.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Huyo msimguse, anaatamia."

Nikamgeukia dalali. Dalali hakupepesa. "Bosi, si unaona? Gari ina utulivu. Kuku hatagi penye vurugu."

Fundi akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye suruali yake, akakichovya tena, akakinusa. Kwenye vichwa vya betri kulikuwa na unga wa kijani na mweupe umeota mpaka nati hazionekani. Akawasha swichi, haikuwaka hata taa ya dashibodi. "Betri imelala kidogo," dalali akasema. Ikabidi jirani aitwe aje kubusti. Na jirani akaja na gari. Mnajua amekuja na nini. Akaisogeza IST yake pua kwa pua na Celica, waya zikaunganishwa, yeye mkono ameutoa dirishani, ananiangalia kwa huruma ile ya mtu aliyelala na ameshiba.

Nikazungusha ufunguo. Krr. Krr. Krr. Kimya. Nikajaribu tena. Krr, kikohozi, halafu likalipuka. Moshi ukatoka wa bluu, mama akakimbilia nguo zake kwenye kamba, mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka. Kuku hakutikisika. Nadhani amezaliwa humo.

Fundi akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Tukanyamaza wote, mpaka jirani.

"Inaongea," akasema.

"Inasema nini?"

"Inadai."

Inadai mkanda wa taimingi, inadai maunti mbili za injini, ekseli ya kushoto inagonga, bushi zote kwaheri. Dalali akadakia kwamba hivyo ni vitu vya kubadilisha tu. Nikamuuliza kwani vipo vitu vya kubadilisha ambavyo si vya kubadilisha? Akaniambia bosi tuangalie taa.

Haya, taa. Ndizo zilizonileta. Nikabonyeza. Ya kushoto ikainuka polepole, imenyooka, mpaka nikataka kupiga makofi. Ya kulia ikalia ziii, ikatetemeka, ikabaki imelala. Fundi akaingiza mkono chini, akatoa kifuniko cha mpira kwenye mota yake, kuna kifundo kidogo pale, akaanza kukizungusha kwa vidole. Akazungusha, akazungusha, akapumzika, akazungusha. Jicho likainuka. "Hiyo ni taa moja oto, moja manyo," dalali akasema. "Ukitaka zote oto bei inapanda." Yaani jioni, kwenye foleni ya Ubungo, giza likiingia, mimi nishuke, nifungue boneti, nizungushe jicho la gari huku daladala zinanipigia honi. Na siku nikisahau nimkute trafiki mbele yangu, gari langu limemkonyeza. Hapo namweleza nini?

Tulijaribishe basi. Mama akasema sawa, ila polepole, breki isiwe ya ghafla, mayai yana wiki mbili. Nikaomba kwa adabu kuku ashushwe. Hapana. Ukimhamisha anasusa, na akisusa nani atalipa vifaranga? Dalali akakaa mbele kwa sababu ya koti. Fundi akaenda nyuma. Kiti cha nyuma cha Celica ni cha watu ambao hawajazaliwa. Fundi alikaa magoti yapo masikioni, nusu kiti, maana nusu ilikuwa na mwenyewe. Kabla hatujatoka getini alishadonolewa.

Tulikwenda nyumba sita hivi. Hizo nyumba sita, nawaambia, zilikuwa tamu. Usukani mzito mkononi, pua ndefu mbele, watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele. Nikabadilisha gia ya pili kwenda ya tatu, nikasikia Kankkunen amenishika bega. Alikuwa fundi. "Tuta! Tuta!"

Tumbo likakwangua, krrraa, halafu likakaa. Juu ya tuta. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Tukashuka wote isipokuwa kuku. Watoto wakasukuma, mwenye genge akasukuma, mtu mmoja akasimama tu anatoa maelekezo. Dalali, kwa nje, ameshika koti lisichafuke: "Bosi, si umeona bodi ilivyo ngumu?"

Tuliporudi nikamuuliza mama mwenyewe, uso kwa uso, bei yake ya mwisho. "Milioni nne, mwanangu." Nikamgeukia dalali. Alikuwa amepata kikohozi. Na hilo la kanisani, mama? "Mimi? Mimi naenda na bajaji. Hilo nikiingia sitoki. Ni la mwanangu yuko Muscat, ameniambia niuze. Ila msubiri kuku atotoe."

Milioni mbili na nusu! Kikohozi cha milioni mbili na nusu! Halafu anipigie alfajiri kudai soda. Mimi nilisema sitakasirika, nilijiahidi, lakini hebu niambieni, mtu akitaka kitu kimoja kizuri mji huu, kimoja tu, lazima kipitie mikono mingapi? Ukipanga chumba, dalali. Ukitafuta kiwanja, dalali. Nimenunua kitanda cha mtumba Keko akatokea mtu sijamwona tangu mwanzo, anadai yeye ndiye aliyenionyesha kitanda. Nilikuwa nimekilalia!

Na yale matuta nani ameyaidhinisha? Lile la pale si la serikali, nimeuliza. Ni kamati ya mtaa. Walichangishana saruji, wakamwaga, mmoja akasema ongeza kidogo, wa pili akasema ongeza, likafika goti. Kankkunen na wenzake waliweka bomba la hewa limepanda pembeni ya kioo ili injini isinywe maji wakivuka mito. Sawa, maji ya Jangwani wakati wa masika wangeyavuka. Kwa hili la kamati ya mtaa wangeshuka kusukuma na sisi.

Kamati. Hilo neno ndilo linanimaliza. Maana kumbe pale kwenye tuta alikuwepo ndugu wa ndugu, akapiga picha, mimi niko nyuma ya usukani wa Celica nyekundu, nimekunja uso kidogo. Jana nafungua WhatsApp, kamati ya harusi ya mtoto wa binamu yangu, orodha ya ahadi. Fulani laki moja. Fulani kreti kumi. Halafu jina langu: "Gari ya maharusi (nyekundu, spoti)". Watu ishirini wameweka mikono ya kushukuru. Mwenyekiti ameandika tusisahau kuipamba mapema.

Nikaandika, kwa heshima zote, kwamba gari si langu. Mhazini akajibu basi ahadi ibadilishwe iwe fedha taslimu, laki tatu, mwisho Jumamosi. Mama watoto naye yumo kwenye kundi, badala ya kunitetea kauliza hiyo Celica nimeinunua lini na kwa hela ipi. Wakati najiandaa kumjibu, shangazi wa bwana harusi akatuma ujumbe wa sauti, kwamba yeye hana tatizo na milango miwili, anachotaka kujua ni kama bibi harusi na mpambe wake watatosha kule nyuma, maana shela lina mkia.

Nikamjibu nyuma kuna mtu.