Filamu za Krismasi na Kile Ambacho Mzazi wa Moshi Hakikagui

Shule zikifungwa Desemba, nyumba nyingi za Moshi hujaa watoto. Wajukuu wanaletwa kutoka Dar, binamu wanatoka Arusha, na sebuleni kwa babu runinga haizimwi. Mwenye king'amuzi anategemea king'amuzi, asiye nacho anajaziwa filamu kwenye flashi mjini. Na kila mwaka wazazi wa sharikani wanaulizana lilelile: filamu hizi za theluji na Baba Krismasi zinamfaa mtoto wa Kikristo?

Wanaokataa wana hoja nzito. Mtoto wa miaka mitano hupokea kila anachoambiwa kwa uzito mmoja. Mama akisema Yesu anakuona, na filamu ikasema Baba Krismasi naye anajua mema na mabaya yako, kwa mtoto hao ni wawili wa aina moja. Siku akigundua kwamba mmoja ni hadithi, ana kila sababu ya kuuliza kuhusu wa pili. Ndiyo maana filamu inayonisumbua kuliko zote ni The Polar Express ya mwaka 2004. Inapendeza macho, haina matusi wala damu. Lakini ni habari ya kijana mwenye shaka anayepanda treni hadi Ncha ya Kaskazini, na mwishoni anasikia kengele ambayo asiyeamini haisikii. Imani inasifiwa humo tangu mwanzo, na anayeaminiwa ni Baba Krismasi. Maneno ya shule ya Jumapili yamechukuliwa yote, mwenyewe Kristo akaachwa nje. Hapo mzazi asijitetee kwamba ni katuni tu.

Wanaoruhusu nao husema mtoto akinyimwa nyumbani ataangalia kwa jirani, tena bila mtu wa kumwelekeza. Ni kweli. Na wana ushahidi mzuri katika Home Alone ya mwaka 1990, ambayo wengi wanaipiga marufuku kwa sababu Kevin, mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake, anawajibu wakubwa ovyo na kuwatega wezi. Kuhusu mitego nawaunga mkono wanaokataa: pasi inamwangukia mtu usoni naye anainuka, na mtoto mdogo hajui kwamba mtu wa kweli asingeinuka. Ila katika filamu hiyohiyo, mkesha wa Krismasi, Kevin anaingia kanisani na kukaa na mzee jirani ambaye yeye Kevin alikuwa akimwogopa. Mzee amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya, kwa kuwa amekosana na mwanawe na nyumbani kwake hakaribishwi. Mtoto anamshauri ampigie simu mwanawe, na mwishoni tunawaona wamepatana. Katika koo zetu kuna ndugu hawasalimiani miaka na miaka kwa ajili ya kihamba, shamba la urithi wa ukoo. Tukio hilo ni Mathayo 5:23-24 kabisa, na ningependa baba wakubwa na baba wadogo waliangalie pamoja na watoto.

Lakini pande zote mbili, nionavyo, zinakagua visivyo. Tunatafuta uchawi, matusi na mavazi, huku ujumbe unaorudiwa na filamu nyingi za msimu huu ukipita bila kuulizwa: kwamba Krismasi ni familia kuwa pamoja. Tunaupitisha kwa sababu ni wetu tangu zamani. Watu husema Wachaga hurudi nyumbani Desemba kuhesabiwa. Yusufu naye alikwenda Bethlehemu kuandikishwa, na kurudi nyumbani ni jambo jema. Ila ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikishaiva na ukoo ukikamilika, mtoto anaona Krismasi nayo imekamilika, na filamu inamthibitishia. Hakuna aliyemkataa Kristo, hajahitajika tu. Nayo Injili inasema vingine. Katika Luka 2 wanaopewa habari kwanza ni wachungaji walio zamu ya usiku, na katika Luka 14:12-14 Yesu anasema wazi kwamba ukifanya karamu usiwaite ndugu zako na jirani matajiri, waite maskini na vilema.

Kwa kipimo hicho, The Star ya mwaka 2017, inayosimulia kuzaliwa kwa Yesu kupitia punda, inanivutia kwa jambo ambalo wengi hawalitaji. Ndiyo, mamajusi wanafika pamoja na wachungaji, wakati Mathayo 2:11 inasema walimkuta mtoto nyumbani. Kosa hilo mwachie mtoto alitafute mwenyewe kwenye Biblia. Lakini mbwa waliokuwa wakimwinda Mariamu wanafika horini na kupokewa. Adui ana nafasi pale. Hilo halimo katika filamu za familia kukumbatiana mezani.

Kwa hiyo wadogo ningewawekea The Star. Home Alone wasubiri hadi umri wa shule ya msingi, na mtu mzima akae hapo. The Polar Express isubiri hadi mtoto aweze kueleza mwenyewe kwamba Nikolao alikuwa askofu wa Myra, katika Uturuki ya leo, na kwamba yeye naye alimwabudu Kristo. Na filamu yoyote ikiisha, tuwaulize watoto ni nani hakualikwa, kisha ni nani hapa kwetu hajaalikwa. Wakimtaja mlinzi wa usiku, au bibi ambaye mwaka huu wanawe hawakuja, chakula kipelekwe siku hiyohiyo, na mtoto aliyemtaja ndiye akibebe.