Kidonge kwanza au kilo kwanza?

Mwanamke wa Nairobi mwenye PCOS, ile hali ya ovari kujaa vifuko vidogo, akisema anatafuta mtoto hupata majibu mawili. Daktari mmoja humwandikia dawa ya kupevusha yai. Mwingine humwambia akapunguze uzito, ndipo arudi. Nimeyasikia yote mawili katika wiki moja.

Wanaosema kilo kwanza wana hoja. Uzito mkubwa hupandisha insulini, homoni inayosimamia sukari; nayo ikizidi mwilini, ovari hutoa homoni za kiume kwa wingi, mayai hukwama kabla ya kupevuka, na hedhi huruka miezi. (Vile vifuko vya kwenye skani, kwa kweli, ni mayai yaliyosimama njiani, si uvimbe wa kutisha.) Kupunguza hata asilimia 5 ya uzito kwaweza kurudisha hedhi bila dawa yoyote. Tena mimba ikishika, kisukari cha ujauzito na presha huwaandama zaidi wenye hali hii.

Lakini wako wembamba wenye PCOS. Wao wapunguze nini? Na wa miaka 37 akiambiwa asubiri mwaka mzima, mayai yake hayamsubiri.

Upande wa dawa, siku hizi inayotangulia ni letrozoli, iliyoanza kama dawa ya saratani ya matiti. Watu huiita dawa ya homoni ilhali haina homoni: hushusha estrojeni, homoni ya kike, kwa siku chache, ubongo ukaona pengo na kuisukuma ovari ifanye kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wenye wanawake 750, uliilinganisha na klomifeni, dawa ya zamani ya kupevusha yai: waliojifungua walikuwa asilimia 27.5 dhidi ya 19.1. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 nao unaitanguliza. Wauzaji wa matumaini hutaja ushindi huo, wakanyamaza kwamba hata kwa dawa iliyoshinda, baada ya mizunguko hadi mitano, zaidi ya saba katika kila kumi hawakupata mtoto.

Sindano za gonadotropini, zinazoiamsha ovari moja kwa moja, ndizo homoni hasa, na hapo sina mzaha. Bila skani za mara kwa mara, ovari zaweza kufura hadi mgonjwa alazwe, au mimba ikaja ya watatu.

Kwa hiyo mimi sioni sababu ya kumnyima mtu letrozoli eti kwa ajili ya mizani. Aanze mazoezi na kidonge pamoja, hasa akivuka 35. Ninachopinga ni kidonge cha kununua duka la dawa la mtaani kwa sababu shoga yako kilimfaa, mirija ya uzazi haijapigwa picha, na mume hajapimwa mbegu. Kipimo hicho cha mume hakihitaji sindano wala kulazwa, lakini katika nyumba nyingi huja mwisho, mke akiwa ameshameza dawa mwaka mzima.