Kijana wa saksafoni hakuwa amelewa

Kuna maneno ya mshereheshaji mmoja ambayo hayajanitoka tangu Desemba. Tulikuwa kwenye harusi ya ndugu yetu hapa Moshi, ukumbini Majengo, maharusi wameshaketi, watu wanasubiri ndafu iletwe. Vijana wa matarumbeta walikuwa wamemaliza kazi ya kumwingiza bibi harusi, wakatoka kibarazani kupumzika. Watatu kati yao hawakupumzika. Mwenye tromboni alishika noti moja nzito ya chini akaing'ang'ania. Mwenye ngoma ndogo akawa anaikwaruza kwa kijiti badala ya kuipiga. Na kijana wa saksafoni, ambaye jioni nzima alipiga tenzi kwa adabu, akaanza kupanda. Alipanda mpaka sauti ikapasuka ikawa kilio, na ndani ya kilio kile nikasikia kipande cha wimbo ule ule wa kumwingiza bibi harusi, kimepindapinda lakini kipo. Niliacha kiti changu nikaenda kusimama mlangoni.

MC akashika maiki: "Jamani kamati ya vinywaji, hawa vijana mmewapa nini? Wameshalewa!" Ukumbi mzima ukacheka. Wale vijana wakashusha vyombo, na spika zikafunguliwa Bongo Fleva.

Hakuwa amelewa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mwenye tromboni, na kila mkono ule ulipotelezesha bomba, yeye alibadilisha njia. Mlevi hawezi kazi hiyo.

Mimi ni msikilizaji wa jazz huru, jazz inayopigwa bila njia iliyochorwa mapema, kwa miaka mingi sasa. Sizungumzii bendi zetu za dansi, Morogoro Jazz wala Tabora Jazz, muziki ulionilea na ambao sitauacha. Wala sizungumzii saksafoni laini ya mapokezi ya hoteli za watalii. Nazungumzia muziki wa Wamarekani kina Ornette Coleman na Albert Ayler wa saksafoni, Cecil Taylor wa piano, na John Coltrane, naye wa saksafoni, katika miaka yake ya mwisho. Na kila ninapomwekea mtu muziki huu, hata rafiki mwenye masikio mazuri, jibu ni moja: "Mangi, hawa wanapiga hovyo. Kila mtu na lake."

Hapo ndipo ninapokataa. Sijui muziki mwingine ambao watu wanasikilizana kama huu. Kwenye bendi ya kawaida mpiga besi anaweza kuwaza kodi ya nyumba na wimbo ukaenda vizuri tu, kwa sababu njia imeshachorwa: beti, kiitikio, beti, solo, kiitikio. Kwenye jazz huru hakuna pa kujificha. Mwenzako akigeuka, na wewe umelala, muziki unaanguka pale pale mbele ya watu.

Chukua santuri ya Ornette iliyoupa muziki huu jina lake, Free Jazz, iliyorekodiwa New York Desemba 1960. Vaa hedfoni, tena nzuri. Sikio la kushoto kuna watu wanne: Ornette mwenyewe, Don Cherry kwenye tarumbeta, Scott LaFaro kwenye besi, Billy Higgins kwenye dramu. Sikio la kulia wanne wengine: Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden na besi, Ed Blackwell na dramu. Wanapiga pamoja dakika 37 bila kusimama. Mara ya kwanza utasikia soko. Basi mara ya pili achana na wapuliza vyombo wote, fuata besi mbili tu. Haden anakaa chini, anapiga noti chache nzito kama anayepima ardhi, na LaFaro anapanda na kushuka kwa vidole vyepesi upande wa pili. Mmoja akijaza, mwingine anaacha nafasi. Kisha rudi kwa wapulizaji: mmoja akiwa anapiga solo, wenzake nyuma wanamdakia kipande alichokisema sasa hivi, wanakigeuza, wanamrudishia, naye anakipokea na kwenda nacho kwingine. Hayo ni mazungumzo ya watu wanane, na ukikaa nayo unaanza kuwajua kwa sauti zao kama unavyowajua wajomba zako wakiongea chumba cha pili.

Na sisi watu wa huku ndio wa mwisho kustahili kusema hatuelewi. Nenda mkesha wowote Ijumaa usiku, Pasua, Njoro, Kiboriloni. Mchungaji akisema "tuombe kwa pamoja", watu mia mbili wanafungua vinywa kwa wakati mmoja, kila mtu na maneno yake, huyu analia, yule anaimba, mwingine anarudia jina moja tu. Sauti zinapanda pamoja, zinafika mahali zinageuka pamoja, na bila mtu kutoa amri zinashuka. Hakuna anayetoka pale akasema walikuwa wanapiga kelele hovyo. Sasa msikilize Coltrane na wenzake kumi kwenye Ascension, ya Juni 1965. Ni jambo lile lile: wote kwa pamoja, halafu mmoja anabaki peke yake, halafu wote tena. Hata jina alilochagua, kupaa, ni la kanisani.

Wanaosema "hawajui kupiga" nitawajibu haraka. Coltrane alirekodi Giant Steps mwaka 1959, wimbo ambao kodi zake (chords, si za nyumba) zinabadilika kwa kasi ambayo wanafunzi wa muziki wanahangaika nayo hadi leo. Cecil Taylor alisomea piano kwenye chuo cha muziki cha New England Conservatory, Boston. Ayler, alipokuwa kijana Cleveland, walimwita Little Bird kwa jinsi alivyopiga kama Charlie Parker, bingwa wa saksafoni aliyeitwa Bird. Ornette alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2007. Walijua. Walikwenda mbele kwa sababu walijua.

Kuhusu Ayler nina la kusema zaidi, kwa sababu huyu ni wetu kuliko anavyodhaniwa. Alipiga kwenye bendi ya jeshi la Marekani, akakaa nayo Ufaransa, na gwaride halikumtoka kifuani. Nyimbo zake nyingi zinaanza na kipande chepesi ambacho mtoto wa chekechea anaweza kukiimba, cha gwaride au cha kanisani, kisha anakipasua vipande vipande, kisha anakirudisha. Sauti yake ya saksafoni ni nene, inatetemeka, inalia waziwazi bila haya. Mara ya kwanza nilipousikia wimbo wake Ghosts sikuwaza New York. Niliwaza pikapu ya harusi ikizunguka kipilefti cha YMCA, matarumbeta yamesimama nyuma, upepo unachukua nusu ya wimbo, tuba inafika imechelewa, mmoja amepanda juu kuliko wenzake na hashuki, na bado kila mtu barabarani anautambua wimbo. Sauti ile tumekua nayo. Coltrane alipofariki Julai 1967, aliyeitwa kupiga kwenye ibada ya mazishi yake ni Ayler, pamoja na Ornette, ndani ya kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, New York. Kilutheri, jamani. Mtu yeyote aliyezika ndugu yake Machame au Marangu kwa tarumbeta za usharika ana sikio la kusikilizia hayo.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba wapo wanaojificha nyuma ya neno "huru". Nimezisikia rekodi za watu wasiomsikiliza mtu, wamejaza dakika arobaini kwa sababu mkanda ulikuwa unazunguka. Na santuri ya Machine Gun ya Mjerumani Peter Brötzmann, ya mwaka 1968, ambayo naiheshimu sana, simwekei mgeni nyumbani kwangu. Lakini hata kwenye dansi zipo bendi mbovu, na hatujawahi kusema dansi yote ni ulevi.

Rekodi hazitoshi, hilo nalo niliseme. Nimewahi kukaa safu ya mbele Nairobi, ukumbi mdogo, usiku wa mvua, wapigaji wawili tu: saksafoni na dramu. Rekodi haikuonyeshi mpiga dramu akikandamiza ngozi kwa kiwiko huku mkono mwingine unapiga, sauti ikapanda taratibu kama mtu anayeuliza swali. Haikupi pumzi anayovuta mpuliza saksafoni kabla ya noti, wala ule mlio mdogo wa vidole kwenye vifuniko vya chombo. Niliona mpiga dramu akiacha kabisa, mikono magotini, kwa sababu mwenzake alikuwa amefika mahali pasipohitaji kusaidiwa. Baada ya usiku ule nilirudi kuisikiliza Interstellar Space, Coltrane na mpiga dramu Rashied Ali peke yao, Februari 1967, miezi mitano kabla ya Coltrane kufariki. Anatikisa kengele ndogo, anaweka kengele chini, anapuliza. Sasa naiona mikono.

Na msiniambie ni muziki wa Wamarekani peke yao; wao wenyewe walikuwa wakitazama Afrika. Mwaka 1958, kabla hata hatujapata uhuru, mpiga tarumbeta Wilbur Harden na Coltrane walirekodi Tanganyika Strut. Mpiga piano Randy Weston aliporekodi Uhuru Afrika mwaka 1960, sauti inayosoma Kiswahili mle ndani ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Archie Shepp, mpiga saksafoni, alipiga Algiers mwaka 1969, kwenye tamasha la Afrika nzima, bega kwa bega na wanamuziki wa Kituareg. Baadhi ya wapigaji wa kundi la Art Ensemble of Chicago walipanda jukwaani wamejichora nyuso kwa mtindo wa Kiafrika.

Halafu kuna bendi ya Blue Notes wa Afrika Kusini, ambao ningetamani kila nyumba ya Mtanzania iwafahamu. Waliondoka kwao mwaka 1964 kwa sababu bendi yenye Mzungu mmoja kati ya Waafrika haikuwa na pa kuishi chini ya ubaguzi wa rangi. Mpiga tarumbeta wao, Mongezi Feza, alifia London Desemba 1975, kijana wa miaka 30. Mwezi huo huo wanne waliobaki, Dudu Pukwana, Chris McGregor, Johnny Dyani na Louis Moholo, waliingia chumbani wakapiga, na mashine ikarekodi. Blue Notes for Mongezi ni msiba mtupu. Wanaimba, wanaita, besi inazunguka mahali pamoja kama mama asiyetaka kuinuka kwenye mkeka. Dyani, Pukwana na McGregor nao walifuata ndani ya miaka kumi na mitano, na Moholo, wa mwisho wao, ametutoka mwaka 2025.

Ombi langu kwa wenye kumbi wa Moshi na Arusha ni dogo. Mnao usiku wa karaoke, mnao usiku wa singeli. Wapeni hawa vijana wa matarumbeta Jumanne moja kwa mwezi, siku ambayo viti viko wazi hata hivyo, bila MC, wapige wanachotaka. Walipeni nauli na chakula. Watu watakuja, wachache mwanzoni, mimi mmoja wao, na nitalipa kiingilio.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani: usianze na Ascension, utakimbia. Anza na Spiritual Unity ya Ayler, ya Julai 1964, watu watatu tu, nusu saa hivi, haitamaliza bando lako. Kisha Karma ya Pharoah Sanders, mpiga saksafoni aliyekuwa na Coltrane kwenye Ascension, ambayo ina wimbo wa zaidi ya nusu saa na sauti ya kuimba ya kukushika mkono. Ornette na wale wenzake saba waje baadaye, kwa hedfoni. Usisikilize huku unachati, wala huku unapika. Ukimaliza zote tatu na bado unasema ni walevi, njoo unitafute tubishane, nitakuwekea tena kuanzia mwanzo.