Weka msasa chini

Nimetoka kwenye maonyesho ya bunduki za zamani hapa Ontario na hasira haijanitoka. Mezani palikuwa na Lee-Enfield, bunduki ya kijeshi ya Waingereza, toleo la No. 4, ya Long Branch, kile kiwanda cha kando ya Toronto cha wakati wa Vita vya Pili, na mwenyewe nyuma ya meza anatabasamu. Kitako amekipiga msasa mpaka kona zote zimelegea, kisha akakimwagia vanishi, sasa kinang'aa kama kabati la bibi harusi. "Nimeirudisha upya," ananiambia. Upya upi, ndugu yangu? Hata siku ilipotoka kiwandani haikung'aa hivyo.

Nikaigeuza kutafuta ile C yenye mshale ndani, alama ya mali ya jeshi la Kanada. Kivuli tu. Namba iliyogongwa chini ya ncha ya ubao wa mbele nayo imekwenda na vumbi. Na bei ameipandisha! Eti gharama ya ufundi.

Haya, tuseme alama ni mapenzi ya sisi wakusanyaji tu. Tuzungumze huo ufundi basi. Mbao za Lee-Enfield hazikuwekwa pale kupamba chuma. Kitako kiko nyuma, kimebanwa na bolti ndefu inayopita ndani yake. Ubao wa mbele ndio unaolaza mtutu. Kwa ndani, upande wa nyuma, ubao huo una nyuso mbili zinazokaa dhidi ya chuma, na hizo ndizo zinazopokea teke kila unapofyatua. Zikilegea kidogo tu, ubao unacheza, unapasuka, na risasi zinakwenda zinakojua zenyewe. Huko mbele karibu na mdomo, kwenye No. 4, ubao unausukuma mtutu juu kidogo, kwa makusudi kabisa. Sasa anakuja bwana na msasa wake "kusafisha" mfereji unaolaza mtutu, na kipimo alichokiweka fundi wa jeshi kinaishia sakafuni. Nje nako ni hivyo hivyo: mbao ikishaliwa, chuma kinabaki kimechomoza, na hakuna vanishi inayorudisha mbao iliyokwenda.

Na ule weusi shingoni mwa kitako mnaoukimbilia kuufuta ni jasho la kiganja cha mtu. Kuna aliyeibeba. Jamaa zangu wa Dar hunicheka kwamba nimevuka bahari yote hii kuja kupaka mafuta bunduki ya mkoloni. Wacheke tu. Lee-Enfield ndiyo waliyobeba askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, mpaka Burma mwaka 1944, na wengi wao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Yule askari wa shaba pale barabara ya Samora, Dar, aliyesimamishwa 1927, naye ameshika bunduki yenye singe, na sijasikia mtu akimpandia na msasa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi. Uchafu unatolewa na kitambaa chenye tapentaini, tena na tena, bila papara. Palipobonyea, weka kitambaa kibichi na juu yake pasi ya moto. Mvuke utainua nyuzi za mbao zenyewe. Mkwaruzo uache, hauombi msaada. Kisha mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa kiganja. Jeshi lilitumia yale mabichi, ambayo hukauka kwa majuma. Asiye na subira achukue yaliyotiwa kikausho, sitagombana naye. Ila matambara yake ayatandaze nje au ayatie majini. Ukiyakunja na kuyarundika pembeni yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna mbao zisizookoleka. Zimelowa mafuta ya mashine miaka na miaka mpaka ukizibonyeza kwa ukucha zinaingia. Na kuna zile bunduki zilizouzwa bei ya kutupa baada ya vita, wawindaji wakazikata ubao wa mbele kwa msumeno ili ziwe nyepesi porini. Siwezi kuwalaumu sana, walitaka kulungu mezani, si makumbusho. Hapo lazima utafute mbadala, na mimi nasema tafuta mbao ya zamani, iliyovuliwa kwenye bunduki ambayo chuma chake kimekufa. Mpya iliyochongwa kwa mashine si haramu, lakini bado utaikalisha kwenye chuma kwa patasi, na wengi hawana moyo huo.

Kitako, soma herufi yake kabla hujalipa: S ni kifupi kwa nusu inchi kuliko cha kawaida, L kimezidi kwa kiasi hicho hicho, B ndicho kifupi kuliko vyote. Rangi nayo itazame. Walnati na zile mbao nyeupe za wakati wa vita hazifanani, na kiwanda cha Lithgow cha Australia kilitumia miti ya kwao.

Na kama yako ni Mk III, toleo la kabla ya No. 4, ubao wa mbele uvue kwanza, ndipo uguse kitako. Ncha ya ile bolti ni ya mraba na imeshikwa na kibati kilichomo ndani ya ubao. Ukiizungusha kabla ya kuuvua, utaupasua, na hapo karibu sokoni, uje na pochi nene.